Mzazi na Mtoto Wenye Majina Tofauti: Hati za Kuandaa Kabla ya Safari ya Nje

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi, yaliyoandaliwa kwa ajili ya vikao vya wazazi shuleni na mikutano ya wananchi mashinani.



Mada ya leo ni hati anazohitaji mtu mzima anayevuka mpaka wa Kenya na mtoto ambaye jina lake la mwisho si sawa na lake. Kutoka Kipkelion hadi Chepalungu, ziko familia zenye mzazi anayefanya kazi ng'ambo huku mtoto akilelewa na kogo nyumbani. Wako wanaokwenda kutembelea ndugu, wanaopeleka mtoto hospitali ya nje, na vijana wanaopata nafasi ya masomo au mashindano ya riadha. Wengi hugundua tatizo la majina siku ya safari, tiketi ikiwa imelipwa na mizigo imepimwa. Wakati huo hakuna wakili wala ofisi ya usajili itakayosaidia kabla ndege haijaondoka.

Jambo la kushika ni hili: sheria haimkatazi mzazi kusafiri na mtoto kwa sababu tu majina hayalingani. Kinachotakiwa ni karatasi zinazoonyesha jinsi majina hayo mawili yanavyohusiana, na karatasi hizo huanza kutayarishwa siku mtoto anapozaliwa.

Kwa nini majina ya huku hayalingani

Fomu nyingi za usafiri zimeundwa kwa watu wanaorithi jina moja la ukoo: babu, baba, mama na watoto wote wana jina lile lile mwishoni. Desturi ya Wakipsigis haiko hivyo. Mtoto hupewa jina kulingana na wakati au hali ya kuzaliwa kwake. Mvulana aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech na msichana ni Chepkoech. Waliozaliwa mchana ni Kibet na Chebet. Waliozaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop na Cherop. Kijana akishatoka jandoni hubeba jina la baba yake likitanguliwa na neno arap, yaani mwana wa. Baba akiwa Kipkoech, mwana ni arap Koech. Baba akiwa Kiplangat, mwana ni arap Langat.

Kwa mpango huo, baba na mwana hawana jina moja la mwisho, na hakuna aliyekosea. Mfano unaojulikana nchi nzima ni wa Rais wa pili wa Kenya, Daniel arap Moi. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Baba ni Chebii, mwana ni Moi, na Baringo nzima ilijua ni mtu na mwanawe. Afisa wa kigeni aliyeketi mbele ya kompyuta hana ujuzi huo.

Katika mashamba ya chai hali ni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1920, mashamba hayo yamevuta wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi, na vizazi kadhaa vimezaliwa katika nyumba za kampuni. Wajaluo, Waluhya na Abagusii wana desturi zao za kutoa majina, na ndoa za mchanganyiko zimekuwa nyingi. Isitoshe, hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Mama anaweza kubaki Chebet maisha yake yote huku watoto wakitumia Rono.

Kitambulisho cha taifa cha zamani kiliandika majina kwa mfululizo. Pasipoti huyagawa: sehemu moja ya jina la ukoo na sehemu nyingine ya majina ya kupewa. Baba, mama na mtoto wanaokula chungu kimoja wanaweza kujikuta na pasipoti tatu zenye majina matatu tofauti ya ukoo.

Anachotafuta afisa wa mpakani

Afisa anayemuuliza mama kuhusu mtoto wake hamshuku kwa chuki. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, na nchi nyingine zina sheria kama hiyo. Watoto huvushwa mipaka kwa kazi za kulazimishwa na kwa mambo mabaya zaidi. Wengine huchukuliwa na mzazi mmoja bila mwenzake kujua. Maswali hayo yapo kwa ajili ya mtoto.

Afisa hutafuta majibu mawili. La kwanza: mtu huyu ni nani kwa mtoto? La pili: mzazi mwingine, au yeyote mwenye haki ya kumlea, anajua na kukubali safari hii?

Jibu la kwanza hutolewa na cheti cha kuzaliwa. Jibu la pili hutolewa na barua ya idhini, cheti cha kifo au amri ya mahakama. Mzazi mwenye jina sawa na la mtoto bado anaweza kuulizwa swali la pili. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 imefuata msingi huo. Kwa hiyo mzazi mmoja asidhani kwamba kuishi na mtoto kunampa ruhusa ya kumwondoa nchini kimyakimya. Mzazi mwingine anaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuzuia safari.

Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi

Cheti cha kuzaliwa cha Kenya kina nafasi ya jina la baba na jina la mama. Ndicho kinachoeleza kwamba mtoto mwenye jina Langat ni wa mama mwenye jina Chebet. Kikiwa na kosa, kila hati inayofuata itabeba kosa hilo.

Uzazi unapaswa kusajiliwa ndani ya miezi sita. Mama anapojifungulia hospitalini, iwe ni hospitali ya rufaa ya Kericho, Longisa, Kapkatet au Tenwek, taarifa huandikwa huko huko. Mtoto akizaliwa nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu. Baada ya miezi sita usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa na ushahidi zaidi hudaiwa. Sheria inaruhusu pia mzazi kubadilisha jina la mtoto katika rejista ndani ya miaka miwili tangu usajili. Muda huo ukipita, njia huwa ndefu zaidi.

Mzazi alinganishe herufi kwa herufi. Lang'at na Langat, Bett na Bet, Chepng'etich na Chepngetich: kwa masikio ni jina moja, kwa kompyuta ni majina mawili. Jina la mama kwenye cheti cha mtoto liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Ikiwa mama alijifungua akitumia jina la kwao na baadaye akabadilisha kitambulisho baada ya kuolewa, abebe cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila nayo husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 na hupata cheti. Aliyebadilisha jina kwa hati ya kisheria abebe hati hiyo.

Liko jambo moja linalohitaji kusemwa waziwazi. Msichana akizaa kabla ya kuolewa, hutokea familia ikaandikisha mtoto kwa jina la babu kama baba, na wakati mwingine kwa jina la nyanya kama mama, ili kuficha aibu. Kwenye karatasi, mama na mtoto wake huwa dada na ndugu. Miaka kumi baadaye mama huyo akitaka kumchukua mtoto ng'ambo, hana hata karatasi moja inayosema yeye ndiye mama. Kutoa taarifa za uongo kwa msajili ni kosa la jinai, na anayeumia zaidi ni mtoto. Afadhali nafasi ya baba ibaki wazi kuliko kuandikwa jina lisilo lake.

Kuhusu nafasi hiyo ya baba, sheria imebadilika. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kilizuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa isipokuwa wazazi wote wawili waombe pamoja. Mwezi Mei 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinawabagua watoto hao na kinakiuka Katiba. Mama ambaye mtoto wake ana cheti kisicho na jina la baba, na baba anajulikana, anaweza kwenda katika ofisi ya usajili kuuliza utaratibu uliopo.

Pasipoti ya mtoto

Kila mtoto, hata wa mwezi mmoja, anahitaji pasipoti yake. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, na asiye na kompyuta anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Mwombaji huchagua kituo cha kupeleka fomu na kupigwa picha; Kisumu, Kisii, Nakuru na Eldoret ni miongoni mwa vituo vilivyo karibu na nchi ya chai. Ada za sasa ziko kwenye eCitizen, na hulipwa huko, si mkononi mwa mtu.

Kwa mtoto, maombi huambatana na cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya idhini ya wazazi. Mzazi anayelea peke yake huambatisha hati ya kiapo inayoeleza hali yake, au cheti cha kifo cha mwenzake, au amri ya mahakama. Mlezi asiye mzazi huonyesha hati ya kisheria ya ulezi. Mzazi akienda na mtoto siku ya picha abebe hati asilia pamoja na nakala.

Idhini ya kutengeneza pasipoti haitoshi kwa safari. Kila safari iwe na barua yake.

Barua ya idhini iandikwe vipi

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Iwe na majina kamili na namba ya kitambulisho ya mzazi anayebaki. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Jina na namba ya pasipoti ya anayesafiri naye. Nchi wanakokwenda, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na anwani watakakofikia. Mzazi anayebaki aweke namba ya simu inayopatikana, kwa maana afisa anaweza kupiga hapo hapo.

Iongezwe sentensi moja kuhusu majina. Kwa mfano: mtoto anatumia jina la baba kwa desturi ya Wakalenjin, na mama anatumia jina lake la kuzaliwa, kama cheti kilichoambatishwa kinavyoonyesha.

Barua itiwe sahihi mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, naye aigonge muhuri. Nakala ya kitambulisho cha mzazi anayebaki iambatishwe. Iandikwe kwa Kiingereza, na kama nchi husika inatumia lugha nyingine, itafsiriwe. Baadhi ya balozi hudai hati za Kenya zithibitishwe kwanza na Wizara ya Mambo ya Nje, hivyo mzazi aulize mapema. Ujumbe wa simu, hata ukiwa na sauti ya baba mwenyewe, hauwezi kuchukua nafasi ya barua hiyo.

Hali ambazo hazifanani

Mjane au mgane abebe cheti cha kifo. Tangazo la mazishi na barua ya chifu havitoshi.

Waliotengana au kuachana wabebe amri ya mahakama kuhusu malezi, kama ipo. Kama haipo, barua ya idhini inahitajika kama kwa wazazi wengine wote.

Mzazi ambaye mwenzake ametoweka, au anakataa kutia sahihi bila sababu, asighushi sahihi. Aanze kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye atamwelekeza. Mahakama inayosikiliza kesi za watoto, iwe Kericho au Bomet, ina uwezo wa kuamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Kesi huchukua muda, kwa hiyo tiketi ingoje uamuzi.

Kogo, shangazi au mjomba anayesafiri na mtoto anahitaji idhini ya wazazi wote wawili walio hai. Mzazi aliye ng'ambo anaweza kutia sahihi barua yake kule aliko na kuuliza ubalozi wa Kenya jinsi ya kuithibitisha. Ikiwa wazazi wamefariki au hawajulikani walipo, mlezi apate kwanza amri ya mahakama.

Mwalimu au kocha anayeongoza wanariadha walio chini ya miaka 18 naye si mzazi. Kila mwanariadha awe na barua yake, na nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe ndani ya mkoba wa kiongozi. Orodha moja ya timu haitoshi.

Kila nchi na mlango wake

Masharti hubadilika, kwa hiyo tovuti ya ubalozi husika isomwe kabla ya kununua tiketi. Hata hivyo mifano michache inafaa kujulikana.

Uingereza huwaeleza wazazi kwamba wenye jina tofauti na la mtoto wanaweza kuulizwa uhusiano wao, na inashauri wabebe cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa au talaka, au barua ya mzazi mwingine. Kwa mtoto anayehamia huko kuishi na mzazi mmoja, mara nyingi mzazi huyo hutakiwa kuthibitisha kwamba yeye peke yake ndiye anayebeba jukumu la malezi. Tena, tarehe 11 Machi 2024, Uingereza ilianza kuwakataza walioomba visa ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani kuja na watoto wao kama wategemezi. Anayeahidiwa vinginevyo na wakala ajihadhari.

Marekani na Kanada zote hushauri mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya idhini ya mzazi mwingine. Nchi za Ulaya zinazotumia visa ya Schengen hutaka fomu ya mtoto itiwe sahihi na wenye mamlaka ya malezi. Afrika Kusini ilianza tarehe 1 Juni 2015 kudai cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili kwa kila mtoto. Mwaka 2019 ililegeza sharti hilo kwa watoto wa kigeni, lakini kubeba cheti bado ni busara.

Jirani nako kusidharauliwe. Tangu Januari 2014 Mkenya mtu mzima anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto hana kitambulisho. Anayepita Busia au Malaba na mtoto aulize ofisi ya uhamiaji hati gani ya kusafiria itakubaliwa, na abebe cheti cha kuzaliwa pamoja na barua.

Hati zenyewe na mahali pa kwenda

Hati zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Zikiwa ndani ya sanduku lililokwisha kupakiwa ndege, hazina kazi kwenye kaunta. Nakala ya pili iachwe nyumbani, na picha za hati zihifadhiwe kwenye simu.

Mtoto mkubwa aelezwe safari yenyewe. Maafisa wanaweza kumuuliza moja kwa moja anakwenda wapi na huyu ni nani. Mtoto aliyezoea kumwita nyanya yake mama, kama ilivyo kawaida nyumbani, anaweza kujibu kwa moyo mweupe na kuzua maswali mapya. Afundishwe majina yaliyo kwenye cheti, si kukariri uongo.

Pasipoti, uhamiaji na usajili wa vizazi ni kazi za Serikali ya Kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi hati hizo na haiwezi kuharakisha ya mtu yeyote. Sehemu ya kaunti iko katika hospitali na zahanati zake, ambako taarifa ya kwanza ya mtoto huandikwa. Mama ana haki ya kuonyeshwa kilichoandikwa kabla ya kutoka wodini, na kuomba herufi isahihishwe hapo hapo. Dalali anayesimama nje ya ofisi na kuahidi cheti kwa siku moja hana mamlaka yoyote. Cheti cha kughushi kikigunduliwa ubalozini kinaweza kufunga mlango wa visa kwa muda mrefu.

Anayengoja bonasi ya chai ya Oktoba ili anunue tiketi ya Desemba asingoje bonasi ndipo atafute karatasi. Mwezi huu aangalie cheti cha kuzaliwa na kukilinganisha na vitambulisho. Penye kosa, arekebishe. Kisha aombe pasipoti, kisha visa. Tarehe za safari zikishajulikana, barua ya idhini iandikwe na kutiwa muhuri. Tiketi inunuliwe mwisho.

Jina alilopewa mtoto na wazee wake libaki lilivyo. Hakuna haja ya kumbadilisha Kibet awe na jina la mama yake ili avuke Jomo Kenyatta. Anachohitaji ni cheti kinachosema kweli, na watu wazima waliokubaliana kuhusu safari yake na kutia sahihi.